Maswali Tunayoulizwa Sana Kuhusu Safari Yetu ya Kuzunguka Dunia kwa Chombo cha Tanga

Tangu tufunge kamba kwa mara ya mwisho, haipiti wiki bila mtu kutuuliza jambo kuhusu ile safari. Mengine tumeyajibu mara nyingi mpaka mume wangu huanza jibu nami nikalimalizia. Nimeyakusanya hapa. Mwandishi ni mimi. Yeye kazi yake imekuwa kusoma na kuguna, na pale aliponikatalia kabisa nimesema.

Mlizunguka dunia nzima kweli?

Ndiyo, kwa njia ya wavivu, yaani ile ya kufuata upepo. Kutoka Visiwa vya Kanari tulivuka Atlantiki hadi Karibi, tukapita Mfereji wa Panama, tukaingia Pasifiki: Galápagos, Marquesas, Tahiti, Tonga, kisha New Zealand kusubiri msimu wa vimbunga upite. Baada ya hapo Australia na mlango-bahari wa Torres, halafu Bahari ya Hindi kupitia Visiwa vya Cocos, Rodrigues, Morisi na Réunion. Tukashuka Afrika Kusini, tukazunguka Rasi ya Tumaini Jema, tukapumzika kisiwani Saint Helena na kurudi Karibi, ambako tuliukata mstari wetu wenyewe kwenye ramani. Yote hayo miaka mitatu na miezi minne.

Ikweta ina maili za baharini 21,600. Daftari letu lilisoma 28,900, kwa kuwa chombo cha tanga hakijui kwenda mstari ulionyooka. (Maili ya baharini ni mita 1,852, na humu kila nikisema maili namaanisha hiyo.) Lakini ukizijumlisha siku zote tulizokuwa baharini bila kuona nchi kavu, hazifiki miezi minane. Muda mwingine wote tulikuwa tumetia nanga mahali, tunatengeneza kitu.

Boti yenyewe ni ya namna gani?

Mlingoti mmoja, urefu mita 11, mwili wa faiba, umri wake unakaribia wa ndoa za wazazi wetu. Ilikuwa na wenyewe wanne kabla yetu na kila mmoja aliacha waya usioelekea popote. Jina lake ni Kumbe. Tulilipata siku ya ukaguzi kabla ya kununua, maana kila fundi alipofungua ubao mmoja tulijikuta tukilitamka. Redioni ilibidi tulitaje herufi moja moja, Kilo, Uniform, Mike, Bravo, Echo, na hakuna hata siku moja aliyetuelewa mara ya kwanza.

Wengi huuliza kama mita 11 zinatosha. Zinatosha na kubaki. Susan na Eric Hiscock, mtu na mkewe kutoka Uingereza, walizunguka dunia kati ya 1952 na 1955 kwa chombo cha kama mita 9, bila setilaiti wala friji. Kila unapoongeza mita moja ya urefu unaongeza uzito wa nanga, ukubwa wa matanga, unene wa kamba na ada za bandari, na mikono ni ileile minne.

Kasi yake ikoje?

Ya mchakamchaka. Maili tano hadi sita kwa saa, kama kilomita kumi. Tofauti ni kwamba chombo hakichoki: kinakwenda mchana na usiku, kwa hiyo siku moja ni maili 120 hadi 140. Kutoka Kanari hadi Karibi, takriban maili 2,700, tulitumia siku 22. Galápagos hadi Marquesas, ambako ni kama maili 3,000, siku 25.

Usiku mnatia nanga wapi?

Swali hili tunalipenda, usione haya kuliuliza. Hatutii. Mnyororo wetu wa nanga ulikuwa mita 60, na katikati ya Atlantiki chini kuna kilomita nne au tano za maji. Chombo hujiendea usiku kucha.

Kwa hiyo mnalala saa ngapi?

Hapa ndipo penyewe. Watu hutuuliza kuhusu dhoruba, papa na maharamia, ilhali kitu kilichotutesa kuliko vyote ni usingizi.

Tuligawa usiku katika zamu nne: saa moja jioni hadi saa nne, saa nne hadi saa saba, saa saba hadi saa kumi, saa kumi hadi asubuhi. Mmoja juu, mwingine kitandani. Aliye juu hashiki usukani muda wote, kwani tulikuwa na usukani wa upepo, kile kibapa cha nyuma kinachoshika chombo kwenye mwelekeo mmoja wa upepo bila umeme hata kidogo. Kazi ya aliye zamu ni kutazama. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinadai kila chombo kiwe na mtu anayeangalia na kusikiliza wakati wote, na ukipiga hesabu unaona sababu. Taa za meli kubwa zinatakiwa zionekane kutoka maili sita. Meli ikija kwa maili 18 kwa saa na wewe ukienda sita kuelekea kwake, mnakaribiana kwa maili 24. Dakika 15 tangu uione mpaka ikufikie. Kwa hiyo tulivaa shingoni saa ndogo ya jikoni iliyolia kila dakika 12. Ikilia, unasimama, unazungusha macho kote, unatazama skrini ya AIS inayoonyesha meli zilizo karibu, unakaa. Skrini peke yake haitoshi. Meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa zinalazimika kubeba kifaa hicho, lakini mashua ya mvuvi halazimiki mtu kuiwekea, na mvuvi naye amelala.

Siku tatu za mwanzo za kila safari ndefu akili inakuwa ya mlevi. Usiku wa tatu wa kuvuka Atlantiki, karibu saa kumi na moja alfajiri, nilimwamsha mume wangu kwa kelele: meli inatujia kwa nyuma, taa moja nyeupe, kubwa, haisogei kando. Akatoka na shuka, akatazama mashariki, akasema, "Hiyo Zuhura, mama. Ipishe." Akarudi kulala.

Siku ya nne mwili unakubali. Unajifunza kulala usingizi mzito kwa saa mbili na nusu na kuamka kabla hujaitwa. Jambo ambalo hatukulitarajia ni upweke. Mtu hudhani wawili kwenye chumba cha mita 11 watachokana. Sisi tulikosana kwa maana ya kukosa kuonana: mmoja akiamka mwingine analala. Tulikula pamoja mara moja kwa siku, saa kumi na moja jioni, na mengine yote tuliyaandika kwenye daftari la zamu. "Meli moja, imepita mbali. Upepo umegeuka kidogo. Chai ipo kwenye chupa. Kuna samaki wa kuruka ameangukia kwenye kiti, nimemwacha umwone."

Nahodha ni nani kati yenu?

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hilo tulilijua kabla ya kutweka tanga. Tukakubaliana kwamba aliye zamu ndiye nahodha. Kuhusu matanga tuliweka sheria moja ambayo imetuokoa zaidi ya kifaa chochote: mmoja akitaka tanga lipunguzwe, linapunguzwa, hakuna mjadala wala kuulizana sababu. Kuliongeza, lazima wote wawili tukubali.

Kwenye karatasi za bandari nahodha huwa mmoja tu. Tuliandika jina langu. Bandari baada ya bandari, ofisa alisoma jina, akainua macho, akampa peni mume wangu.

Mlikutana na dhoruba?

Upepo wa kuzidi maili 40 kwa saa tuliupata mara tatu katika safari nzima, na mara mbili kati ya hizo tulikuwa tumetia nanga. Huko si kubahatika. Ni kusoma kalenda. Vimbunga vya Atlantiki ya kaskazini vina msimu wake, Juni hadi Novemba. Vya Pasifiki ya kusini na vya kusini mwa Bahari ya Hindi huanza Novemba hadi Aprili. Njia nzima ya kuzunguka dunia imepangwa ili uwe kwingine miezi hiyo ikifika. Wenye majahazi waliosubiri kaskazi wakasubiri na kusi walikuwa wakifanya hesabu ileile.

Utabiri wa hali ya hewa tuliupakua kila asubuhi. Siku tatu za mbele tuliziamini, ya tano tuliitilia shaka, ya kumi ilikuwa hadithi. Safari ya siku 22 basi unaondoka ukiwa unaijua robo yake ya mwanzo tu. Ndiyo maana kila jioni, hata kukiwa shwari, tulipunguza tanga kabla jua halijazama. Mvua za ghafla za usiku hazipigi hodi: unaona nyota zinapotea upande mmoja, unahisi ubaridi, na ndani ya dakika mbili upepo umekuwa maradufu.

Ikizidi kabisa, kuna mbinu ya zamani ya kukilaza chombo. Tanga kuu hupunguzwa hadi kikabaki kipande, tanga dogo la mbele huvutwa upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, lisukume kinyume, usukani hufungwa. Chombo huacha kupambana, hukaa kwa pembe dhidi ya mawimbi na kusogea kando kama maili moja kwa saa. Ukiwa ndani unasikia kelele zimepungua ghafla. Tuliifanya mara moja kwa saa tisa, kusini mwa Tonga, na mume wangu akapika.

Mahali pekee palipotutia hofu ya kweli ni pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Pale unapita mkondo wa Agulhas, unashuka kusini-magharibi kando ya nchi kavu, na kwenye ukingo ambapo sakafu ya bahari inaporomoka, karibu na kina cha mita 200, unaweza kufika maili nne hata tano kwa saa. Ni msaada mkubwa ukiwa unaelekea huko. Lakini kila baada ya siku chache upepo hugeuka ukavuma kutoka kusini-magharibi, uso kwa uso na mkondo, na mawimbi hufupika, hupanda, husimama kama kuta. Meli kubwa zimevunjika hapo. Na kutoka Durban hadi East London ni kama maili 250 bila bandari ya kukimbilia.

Wenyeji walitufundisha hivi: subiri upepo wa kusini-magharibi uvume mpaka uchoke, tazama baromita, kile kipimo cha mgandamizo wa hewa, ikipanda, na ikifika kilele uondoke saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Ukikutwa njiani na upepo mwingine, sogea karibu na nchi kavu, ndani ya ule mstari wa mita 200, pale ambapo mkondo hauna nguvu. Tulikaa Durban siku 11. Siku ya sita boti moja iliondoka kwa sababu abiria wao alikuwa na tiketi ya ndege. Ilirudi kesho yake jioni ikiwa na tanga lililochanika juu hadi chini na watu wasiotaka kuongea. Tangu hapo tukimwalika mtu tunampa chaguo: achague mahali pa kutukuta au achague tarehe. Viwili kwa pamoja hapati.

Sisi wenyewe upepo ulitukuta saa nne kabla ya kufika. Tukasogea ndani. Kwa mbali upande wa bahari kuu tuliona mstari mweupe unachemka, mrefu kuliko macho yanavyofika, na pale tulipokuwa mawimbi yalikuwa ya kawaida tu, mabaya, ya kulowesha.

Papa? Nyangumi? Maharamia?

Papa tuliwaona tukiwa tunaogelea, hawakuwa na habari nasi.

Nyangumi ni jambo la kweli, ingawa ni nadra. Machi 1973 nyangumi alitoboa chombo cha Maurice na Maralyn Bailey, mke na mume wa Kiingereza, wakiwa kati ya Panama na Galápagos. Kilizama. Walielea siku 117 kwenye mashua ya mpira, meli saba zikawapita bila kuwaona, mpaka ya nane, ya wavuvi kutoka Korea, ikageuka. Hawakuwa na redio ya kuita msaada, kwa hiari yao wenyewe. Kila nikikumbuka kisa hicho naenda kuangalia kama kifaa chetu cha dhiki bado kina betri. Kifaa hicho hutuma ishara kwa masafa ya megahezi 406 hadi kwenye setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, nacho kimesajiliwa kwa jina la chombo, hivyo waokoaji wanajua wanamtafuta nani. Karibu na pwani za Hispania na Ureno, tangu 2020, kuna kundi la nyangumi wauaji wenye mtindo wa kugonga na kuvunja sukani za boti, na baadhi zimezama. Pale tulipita kwenye maji ya kina kifupi, tumenyamaza kama wezi.

Maharamia tuliwakwepa kwa kutokwenda kwao. Mwaka 2009 wanandoa wa Kiingereza walitekwa wakiwa njiani kutoka Ushelisheli kuelekea Tanzania, wakashikiliwa Somalia zaidi ya mwaka. Mashambulizi yalipungua sana baadaye, lakini hayakuisha, na Novemba 2023 Bahari ya Shamu nayo ikaingia vita vyake vya makombora. Kuzunguka Rasi ni mbali na kuna ule mkondo, ila mkondo hauna bunduki.

Mtu akianguka baharini usiku, mwenzake afanyeje?

Kwa maili sita kwa saa, chombo kinakwenda mita 185 kila dakika. Aliyelala anaamka zamu yake ikifika, labda saa mbili baadaye. Fanya hesabu mwenyewe.

Kabla ya kuondoka tulifanya mazoezi ghubani, bahari ikiwa kama mafuta, mchana kweupe. Tulitupa boya la plastiki tukalifunga ndoo lisipeperuke. Mara ya kwanza tulitumia dakika 14 kulifikia, na kulinyanyua hatukuweza kabisa. Boya halina uzito wa mtu. Tangu siku hiyo sheria ikawa: usiku, au ukiwa peke yako juu, umevaa mkanda uliofungwa kwenye kamba iliyotandazwa kutoka tezi hadi omo, yaani nyuma hadi mbele, na kuondoka kwenye kiti cha usukani kwenda mbele, lazima umwamshe mwenzako, hata kama amelala dakika kumi zilizopita. Pia ndoo badala ya ukingo kwa haja ndogo. Mume wangu alilalamikia hili la mwisho katika bahari tatu.

Ulevi wa bahari je?

Mimi hutapika siku mbili, yeye hajawahi, na halijawa jambo la kuchekesha hata mara moja. Macho yanaona chumba kimetulia, sikio la ndani linajua kinayumba, na ubongo hauwezi kuwasuluhisha. Kinachosaidia: meza dawa saa kadhaa kabla ya kuondoka maana ukishaanza haikai tumboni, kaa juu utazame upeo wa macho, kula vitu vikavu kidogokidogo, usisome. Ukilazimika kutapika, upande wa demani, unakoelekea upepo. Joshi utajijutia.

Maji, chakula na umeme?

Maji ya kunywa na kupikia tulipanga lita nne kwa mtu kwa siku. Tulikuwa na mashine ndogo ya kuchuja chumvi, lakini tuliondoka kila mara tukiwa na maji ya kutosha kana kwamba haipo, na mara mbili kweli haikuwapo. Kuoga ni maji ya bahari na kusuuza kwa kikombe cha maji yasiyo na chumvi.

Mayai ambayo hayajawahi kuingia frijini hukaa wiki kadhaa ukiyageuza kila baada ya siku mbili tatu. Maboksi ya karatasi hayapandi chomboni, mende hutaga humo. Makopo tuliyaandika vifuniko kwa kalamu ya wino mzito kwa sababu karatasi zake hulowa na kubanduka. Tulisahau manne, na kwa muda mrefu chakula cha jioni kilikuwa bahati nasibu.

Umeme ni paneli za sola na betri. Mawingu ya siku nne yanakufundisha kuzima taa.

Kitu gani huharibika?

Uliza kipi hakiharibiki. Choo, pampu, filta za mafuta. Hizo za mafuta zina ubaya wake: uchafu hukaa chini ya tangi kimya kwa mwaka mzima, siku bahari inapochafuka unatikisika na kuziba filta, na injini inazimika siku hiyohiyo unayoihitaji.

Ila adui mkubwa ni msuguano. Kamba inayogusa kitu kidogo tu, kwenye safari ya siku 20, inagusa mara mamia ya maelfu. Kila asubuhi mmoja wetu alitembea chombo kizima polepole, mikono nyuma kama mkaguzi, akitazama chini. Siku ya 13 ya Pasifiki nilikiona kipini karibu na mlingoti: kipande cha chuma cha urefu wa kucha, kile kinachokunjwa ncha mbili ili pini kubwa isichomoke. Kinang'aa, kimekatika ncha moja. Kitu kidogo namna hiyo hakina thamani yoyote dukani, na tulikaa tukikitazama kiganjani kama barua ya msiba, kwa sababu kilikuwa kimetoka mahali na hatukujua wapi. Tukatafuta saa mbili kwa darubini, waya kwa waya. Pini kubwa ya mojawapo ya nyaya zinazoshikilia mlingoti ilikuwa imetoka nusu. Mume wangu aliirudisha kwa nyundo ya mbao, akaweka kipini kipya na kukikunja, kisha akakunja tena. Mimi nilikuwa nimeshika kiuno chake muda wote bila sababu ya maana.

Mnagombana?

Wakati wa kutia nanga, ndiyo. Mmoja yuko omo na mnyororo, mwingine nyuma na injini inayonguruma, kati yao kuna mita 11 na upepo, na boti zote za jirani zimetulia kututazama. Tulipigiana kelele kwenye bandari saba kabla ya kubuni ishara za mkono: ngumi maana yake simama, kiganja chini maana yake polepole, kidole nyuma maana yake rudi. Mnyororo ni mara tano ya kina, na kina kinahesabiwa kutoka omo, maji yakiwa yamejaa. Maji mita sita, omo mita moja juu yake, na mita moja ya kujaa: nane, mara tano, arobaini. Tunaandika namba hiyo kabla ya kuanza, basi hakuna la kubishania.

Baharini kwenyewe hatukugombana sana. Hatukuonana, nimekwisha kusema.

Iligharimu pesa ngapi?

Hatutaji, kwa sababu chombo chetu si chenu na kuvunjika kwetu si kwenu. Tunachoweza kusema: theluthi ya fedha zote ilikwenda kwenye matengenezo, na mwaka tulioutumia tukiwa tumetia nanga bure badala ya kulala bandarini ulitugharimu nusu ya ule mwingine. Mume wangu anasema niongeze kwamba angefanya kazi zake mwenyewe tangu mwanzo badala ya kulipa fundi. Sikubaliani. Injini alivyoifungua Panama nakumbuka mimi.

Na karatasi?

Nyingi. Usajili wa chombo, ruhusa ya kuondoka bandari iliyopita, pasipoti, bima. Unaingia maji ya nchi ukiwa umepandisha bendera ya njano, na hakuna anayeshuka mpaka mmepokewa. Australia na New Zealand hukagua hadi kabatini, na vyakula vibichi vingi huishia kwao. New Zealand, kama Galápagos, hutaka hata tumbo la chombo chini ya maji liwe safi bila chaza wala mwani. Mfereji wa Panama unadai watu wanne wa kushika kamba mbali na mwenye usukani, kwa vile unapandishwa mita 26 hadi ziwa Gatún na maji yanayochemka makufulini, yaani kwenye vyumba vya milango vinavyojazwa maji ili kuinua chombo, si mchezo. Tuliwaazima mabaharia wa boti nyingine, nasi tukawashikia zamu yao ilipofika.

Lazima mtu ajue kuogelea?

Joshua Slocum, wa kwanza kuzunguka dunia peke yake kwa tanga, 1895 hadi 1898, hakujua. Chombo chake Spray kilikuwa na urefu kama wa chetu. Hata hivyo jifunzeni, nanga hunasa kwenye mwamba na mtu lazima azame kuifungua.

Tukitaka kujaribu, tuanzie wapi?

Msianze na kununua. Kodini au ombeni nafasi kwenye chombo cha mtu mwingine, safari ya usiku mmoja, wawili tu kwenye zamu. Kama asubuhi bado mnasalimiana, fanyeni ya siku tatu. Hizo tatu ndizo zitakazowaambia, kwa kuwa ndizo mbaya kuliko zote, na wengi huacha siku ya pili wakidhani bahari iko hivyo siku zote.

Mtakwenda tena?

Kumbe iko nchi kavu imewekewa magogo, orodha ya kazi ina vitu 43, nami bado huamka saa saba usiku nikadhani ni zamu yangu. Mume wangu anasema ndiyo, mwakani, tubishe kaskazi, yaani twende dhidi yake. Mimi nataka kwanza nyaya zote za mlingoti zibadilishwe. Sheria ni ileile: kupunguza, mmoja anatosha, kuongeza lazima wote wawili tukubali. Tumefika kazi ya tisa.